Henry Kloss: Seremala aliyemtafutia mwananchi wa kawaida sauti safi

MNUNUZI mwenye pesa za kuhesabu anapoingia katika duka la vyombo vya elektroniki, husimama mbele ya rafu za spika akiwa na swali moja moyoni. Je, sauti safi inaweza kupatikana kwa bei nafuu, au raha hiyo imetengewa matajiri pekee?

Swali hilo lilimshughulisha Henry Kloss kwa karibu nusu karne. Mmarekani huyo, aliyefariki mnamo Januari 31, 2002 akiwa na umri wa miaka 72, alianzisha au kushiriki kuanzisha kampuni tano za vyombo vya sauti na picha. Karibu kila moja ilileta sokoni kitu ambacho wenzake walidhani hakiwezekani, au kinawezekana kwa bei ya juu mno.

Hata hivyo, kampuni hizo hazikudumu mikononi mwake. Baadhi aliziacha kwa hiari, nyingine zilimponyoka kwa sababu faida yote aliyoipata aliimwaga katika uvumbuzi uliofuata. Maisha yake ni kisa cha mtu aliyejua kutengeneza bidhaa kuliko alivyojua kutunza mali, na manufaa ya kazi yake yamebaki zaidi kwa wanunuzi kuliko kwake mwenyewe.

Seremala chuoni

Kloss alizaliwa mnamo Februari 21, 1929, katika mji wa Altoona, jimbo la Pennsylvania. Mji huo ulijulikana kwa karakana zake kubwa za reli, na ufundi wa mikono ulikuwa sehemu ya maisha ya wakazi wake.

Baada ya masomo ya shule alijiunga na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kama MIT, iliyoko katika mji wa Cambridge. Karo haikuwa jambo rahisi, na kijana huyo alitafuta njia ya kujikimu. Alijinunulia vifaa vya useremala na kuanza kutengeneza makasha ya mbao.

Kazi hiyo ya pembeni ndiyo iliyompa mwelekeo. Pale MIT, Jordan Baruch na Henry Lang walikuwa wamebuni spika ndogo ya kuwekwa kwenye pembe ya chumba. Badala ya kutumia kipaza sauti kimoja kikubwa cha bei ghali, wawili hao walipanga vinne vidogo vya bei rahisi ndani ya kasha moja. Kloss alichukua jukumu la kuyaunda makasha hayo na kuyauza.

Mwanafunzi huyo hakuwahi kuhitimu. Lakini alipokuwa akikata mbao na kuzigundisha kwa gundi, alijifunza somo ambalo lilimwongoza maisha yake yote. Aligundua kuwa bei ya spika haiamuliwi tu na ukubwa wa sumaku au uzuri wa mbao. Inaamuliwa pia na akili ya aliyeibuni, kwa kuwa ubunifu mzuri unaweza kufanya vipuri vya kawaida vifanye kazi ya vipuri vya kifahari.

Vita vya Korea vilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, Kloss aliitwa jeshini na kupelekwa katika kituo kilichokuwa jimboni New Jersey. Kituo hicho hakikuwa mbali na jiji la New York. Baada ya kazi zake za mchana, askari huyo alihudhuria masomo ya jioni katika Chuo Kikuu cha New York, ambako Edgar Villchur alikuwa akifundisha kuhusu namna ya kurekodi na kutoa sauti kwa uaminifu.

Kasha lililozibwa

Ili kuelewa umuhimu wa mkutano wa wawili hao, ni vyema kukumbuka hali ya spika ilivyokuwa wakati huo. Spika hutoa sauti kwa kuisukuma hewa kwa koni ya karatasi, ambayo huenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu za umeme na sumaku. Koni inapoisukuma hewa ya mbele, ile ya nyuma huvutwa. Sauti hizo mbili zikikutana, hasa zile nzito za besi, huangamizana.

Kwa sababu hiyo, waundaji wa zamani walilazimika kuitenga sauti ya nyuma kwa makasha makubwa ajabu. Mpenzi wa muziki aliyetaka kusikia ngoma na kinanda cha kanisani kama zilivyo alihitaji kabati lenye ukubwa wa jokofu. Chombo kama hicho kilitaka nyumba pana na mfuko mnene.

Kulikuwa na tatizo la pili. Koni za wakati huo zilishikiliwa na springi ngumu ambazo zilivuta kwa nguvu isiyolingana kadiri koni ilivyosogea. Kila mara noti nzito ilipopigwa kwa nguvu, sauti ilikwaruza.

Villchur alikuwa na jibu. Aliona kuwa springi ngumu inaweza kuondolewa na mahali pake pakachukuliwa na hewa yenyewe. Koni ingeshikiliwa kwa ulegevu kabisa, kisha kasha lizibwe pande zote pasiwe na tundu. Hewa iliyofungiwa ndani ingekuwa springi, na springi ya hewa huvuta kwa ulinganifu kuliko ile ya kitambaa kigumu au chuma.

Mfano wa kwanza aliuunda nyumbani kwake Woodstock, jimbo la New York. Ukingo laini wa kuishikilia koni ulishonwa na mkewe, Rosemary Villchur, kutokana na kitambaa cha kufunikia godoro. Jaribio hilo lilionyesha jambo la kushangaza. Kasha dogo halikuwa tena kikwazo. Lilikuwa ni sharti la uvumbuzi huo kufanya kazi.

Villchur aliyapelekea wazo lake makampuni makubwa yaliyokuwa yakitengeneza spika, lakini yalilikataa. Mwanafunzi wake wa jioni ndiye aliyelikubali. Kloss alikuwa na karakana Cambridge, alijua kuunda makasha na alijua kuyauza. Mnamo 1954 wawili hao walianzisha kampuni ya Acoustic Research, iliyofahamika kwa kifupi kama AR.

Spika yao ya kwanza, AR-1, ilizinduliwa mwaka huo huo. Upande wake mrefu haukufika sentimita 65, lakini besi yake ilishinda ya makabati yaliyoizidi ukubwa mara nyingi. Bei yake ilikuwa dola 185, ambazo hazikuwa pesa kidogo wakati huo, ila zilikuwa chache kuliko gharama ya mitambo iliyokuwa ikitoa noti nzito kama hizo. Villchur alipewa hataza ya uvumbuzi wake mnamo 1956.

Bahati pia ilikuwa upande wao. Mnamo 1958 santuri za stirio ziliingia madukani, na kila nyumba iliyotaka kuzifaidi ilihitaji spika mbili badala ya moja. Familia iliyokuwa imevumilia kabati moja kubwa sebuleni haikuwa na nafasi ya kabati la pili. Kasha dogo la kuwekwa juu ya rafu ya vitabu likawa ndilo jawabu.

Herufi tatu

Kufikia wakati huo, Kloss hakuwa tena AR. Mivutano kuhusu namna ya kuiendesha kampuni hiyo ilimfanya aondoke mnamo 1957, pamoja na wawekezaji wawili, Malcolm Low na J. Anton Hofmann. Hofmann alikuwa mwana wa Josef Hofmann, mpiga piano aliyekuwa na sifa kote duniani. Watatu hao waliunganisha herufi za kwanza za majina yao ya ukoo na kuunda kampuni ya KLH.

Spika za KLH zilitengenezwa kwa kibali cha hataza ya Villchur. Pale AR, Kloss alikuwa mshirika wa mvumbuzi. Pale KLH alikuwa huru kuonyesha kipaji chake mwenyewe. Kipaji hicho kilikuwa kuliangalia jambo lote kwa pamoja, kuanzia chanzo cha muziki hadi sikio la msikilizaji.

Hofmann ndiye anayekumbukwa kwa kuieleza kanuni ambayo hadi sasa wahandisi wa spika huiita sheria yake ya chuma. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kuna mambo matatu ambayo kila mnunuzi huyataka kwa pamoja. La kwanza ni besi inayoshuka chini kabisa. La pili ni kasha dogo. La tatu ni sauti kubwa kutokana na umeme kidogo. Mbunifu anaweza kuyapata mawili kati ya hayo, lakini la tatu lazima alilipie.

Mtaka yote hukosa yote, na Kloss aliujua ukweli huo vyema. Yeye alichagua besi na udogo wa kasha, akakubali kulipa kwa umeme. Spika zake zilihitaji amplifaya yenye nguvu zaidi, kwa maana kila sauti inapopandishwa kwa desibeli tatu, nguvu zinazohitajika huongezeka maradufu. Uamuzi huo ulikuwa na busara, kwa kuwa bei ya nguvu za amplifaya iliendelea kushuka mwaka baada ya mwaka, ilhali bei ya nafasi ndani ya nyumba haikushuka.

Mnamo 1960 KLH ilitoa redio ya mezani ya FM iliyoitwa Model Eight. Ilikuwa ndogo, lakini ilisifika kwa sauti ambayo haikutarajiwa kutoka kwa redio ya ukubwa huo.

Miaka miwili baadaye, mnamo 1962, ilifuata Model Eleven, kinanda cha santuri cha stirio kilichobebwa kama sanduku la safari. Humo ndani Kloss alitumia transista badala ya valvu zilizokuwa nzito na zenye joto. Aidha, aliibuni amplifaya yake ikiwa na ufahamu wa udhaifu wa spika zake. Pale ambapo spika ndogo zilianza kupungukiwa na besi, amplifaya iliongeza kwa kipimo kile kile.

Wazo hilo ndilo msingi wa mitambo mingi ya bei nafuu inayouzwa leo ikiwa imekamilika ndani ya katoni moja. Mnunuzi wa zamani alilazimika kuoanisha vyombo vilivyotoka kwa waundaji tofauti na kubahatisha iwapo vitaelewana. Kloss alionyesha kuwa vyombo vya kawaida vilivyobuniwa kwa ajili ya kufanya kazi pamoja vinaweza kuvishinda vyombo ghali visivyopatana.

KLH iliuzwa kwa kampuni ya Singer, iliyovuma kwa vyerehani, mnamo 1964. Kloss aliendelea kuifanyia kazi hadi 1967, kisha akaondoka. Mkewe wa mawazo alikuwa tayari mwingine: alitaka kutengeneza runinga ya kioo kikubwa kama cha sinema, ambayo ingetoshea nyumbani.

Spika moja tu

Mnamo 1967 Kloss alianzisha kampuni ya Advent akiwa na azma hiyo ya runinga. Lakini mkono mtupu haulambwi, na utafiti wa runinga ulihitaji pesa nyingi. Ili kuzipata, alirudi kwa kazi aliyoijua kama kiganja chake.

Spika iliyotokana na mpango huo ilitolewa mnamo 1969 na ikaitwa Advent Loudspeaker, bila nambari wala jina la mbwembwe. Wakati ambapo washindani walijaza maduka kwa orodha ndefu za spika, kila moja ikiwa na bei yake na ahadi yake, Advent iliuza spika moja tu.

Nia yake ilikuwa wazi. Kloss alitaka spika itakayotoa upeo wote wa muziki, kuanzia noti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa, sawa na zile za bei ya juu, ila kwa takriban nusu ya bei yake. Alichokiacha kwa makusudi ni uwezo wa kupiga kelele za kupasua kuta. Aliamini kwamba mtu anayesikiliza muziki sebuleni kwake hana haja ya kulipia nguvu za ukumbi wa densi.

Kwa ajili hiyo alitumia vipaza sauti viwili pekee, wufa na twita, badala ya vitatu au vinne. Kila kipuri kilichoondolewa kilipunguza gharama, na pia kikaondoa sehemu moja ambapo sauti ingeweza kuharibika. Bei ilizidi dola 100 kidogo kwa kila spika, na waliopendelea kasha lisilo la mbao halisi walilipa kidogo zaidi ya hapo kwa pungufu.

Chema chajiuza. Advent ikawa mojawapo ya spika zilizouzwa kwa wingi zaidi Marekani katika miaka ya 1970, hasa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo na vijana waliokuwa wakianza kazi. Baadhi yao, walipopata pesa zaidi, walinunua jozi ya pili na kuiweka juu ya ile ya kwanza badala ya kuhamia kwa spika nyingine.

Baadaye Advent ilitoa ndugu mdogo wa spika hiyo kwa wale ambao hata dola 100 ziliwalemea. Besi yake ilishuka sawa na ya spika kubwa, kasha lilikuwa dogo, na bei ilikuwa chini. Kilichotolewa sadaka ni ufanisi wa umeme, kama sheria ya Hofmann ilivyoagiza.

Katika kipindi hicho hicho, Kloss aliacha alama nyingine ambayo wasikilizaji wa Afrika Mashariki waliifaidi bila kulijua jina lake. Kanda za kaseti zilikuwa zimezinduliwa na kampuni ya Philips mnamo 1963, lakini zilichukuliwa kuwa za kurekodia maneno tu, kwa kuwa muziki ulimezwa na mvumo kama wa upepo.

Mhandisi Ray Dolby alikuwa ameunda mtambo wa kuupunguza mvumo huo kwa ajili ya studio za kurekodia. Kloss ndiye aliyemhimiza atengeneze mtambo rahisi wa matumizi ya nyumbani. KLH ilikuwa ya kwanza kuutumia katika kinasa sauti cha watu wa kawaida mnamo 1968. Mnamo 1971 Advent ikatoa kinasa cha kaseti, Model 201, kilichounganisha mtambo wa Dolby na kanda mpya za kromiamu dioksaidi.

Tangu hapo kaseti haikuwa tena daftari la sauti. Ilikuwa chombo kamili cha muziki. Katika miaka iliyofuata, ndiyo iliyobeba benga, rumba na taarab kutoka nyumba hadi nyumba na kutoka matatu hadi matatu, kwa bei ambayo santuri haikuweza kuifikia.

Ndoto ya sinema sebuleni

Pesa za spika na kaseti zilienda moja kwa moja katika ndoto ya runinga. Tatizo lilikuwa gumu. Runinga za wakati huo zilitumia tyubu kubwa ya kioo, na kadiri kioo kilivyopanuliwa ndivyo tyubu ilivyokuwa nzito, hatari na ghali. Runinga ya rangi ya inchi 25 ilikuwa karibu na upeo wa ukubwa uliopatikana madukani.

Kloss aliamua kuachana na kioo hicho. Alitumia tyubu tatu ndogo zenye mwanga mkali, moja ya rangi nyekundu, nyingine ya kijani na ya tatu ya buluu. Picha zake tatu zilirushwa kwenye skrini na kukutana hapo kuwa picha moja yenye rangi zote.

Chombo hicho, VideoBeam 1000, kilizinduliwa mnamo 1972, na kinahesabiwa kuwa projekta ya kwanza ya runinga iliyouzwa kwa matumizi ya nyumbani. Skrini yake iliyopinda ilikuwa na upana wa futi saba kutoka pembe hadi pembe. Kwa mara ya kwanza, familia ingeweza kutazama picha ya ukubwa wa kisinema bila kutoka nje ya nyumba yake.

Hapo ndipo mtu aliyepigania bei nafuu alipojikuta akiuza chombo ambacho wengi hawakukimudu. Bei ya VideoBeam ilitosha kununua runinga kadhaa za kawaida. Wateja wake wengi walikuwa mabaa na vilabu vilivyotaka kuwavutia mashabiki wa michezo. Fauka ya hayo, picha yake ilihitaji chumba chenye giza, na skrini ilimtaka mtazamaji aketi mbele yake.

Gharama za utafiti ziliendelea kuitafuna kampuni. Spika zilileta faida, projekta ikaila. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, wawekezaji walikuwa wamechoka kusubiri, na Kloss akaondolewa katika uongozi wa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Advent ilifilisika mnamo 1981, ingawa jina lake lilinunuliwa na kuendelea kutumika.

Mtu mwingine huenda angekata tamaa. Kloss alianzisha kampuni nyingine mnamo 1977, Kloss Video, na kuendelea na kazi ile ile. Huko alibuni tyubu ambayo kioo cha kukusanya mwanga kilikuwa ndani yake, badala ya kuwekwa nje na kuhitaji kurekebishwa kila mara. Projekta zake, zilizoitwa Novabeam, zilitoa picha angavu kuliko ya VideoBeam.

Hata hivyo, mbio hizo zilikuwa za wenye nguvu. Makampuni makubwa, yakiwemo ya Japani, yaliingia katika soko la runinga kubwa yakiwa na viwanda na mitaji ambayo karakana ya Massachusetts haingeweza kuilingana. Kabla ya muongo wa 1980 kumalizika, Kloss alikuwa ameipa kisogo biashara ya runinga.

Ni kweli kwamba hakutajirika kutokana na ndoto hiyo. Lakini alikuwa ametangulia kuona jambo ambalo leo ni la kawaida, kwamba sinema ingehamia sebuleni. Alikosea kuhusu wakati na bei, wala hakukosea kuhusu matamanio ya watazamaji.

Kurudi kwa mnunuzi

Mnamo 1988, akiwa na umri wa karibu miaka 60, Kloss alirudi kwa spika. Akishirikiana na mfanyabiashara Tom DeVesto, alianzisha kampuni ya Cambridge SoundWorks.

Safari hii alilishughulikia tatizo ambalo hakuwa amelitatua katika kampuni zilizotangulia. Sehemu kubwa ya bei ya spika haikwenda kwa mbao, sumaku wala kazi ya fundi. Ilikwenda kwa faida ya wachuuzi waliokuwa kati ya kiwanda na mnunuzi. Cambridge SoundWorks iliamua kuwauzia watu moja kwa moja, kwa simu na kwa posta.

Bidhaa ya kwanza ilikuwa mtambo ulioitwa Ensemble. Badala ya makasha mawili, mnunuzi alipata manne: mawili madogo ya kutundikwa ukutani au kuwekwa kwenye rafu, na mawili ya besi ya kufichwa nyuma ya kochi au chini ya meza.

Mpango huo ulitegemea jambo moja kuhusu sikio la binadamu. Sikio hutambua kwa urahisi sauti nyembamba zinatoka upande gani, lakini hushindwa kutambua chanzo cha zile nzito kabisa. Kwa hivyo kasha la besi laweza kuwekwa mahali lisipoonekana, na msikilizaji bado ataamini kwamba ngoma inalia kutoka kwa spika ndogo zilizo mbele yake.

Kloss hakuwa wa kwanza kuitumia hila hiyo. Mchango wake ulikuwa kuifanya bila kuuharibu muziki, kisha kuiuza kwa bei iliyowafaa watu wengi. Matoleo yaliyofuata yalitumia kasha moja tu la besi, na kampuni hiyo ikaendelea hadi kwenye mitambo ya sinema za nyumbani na spika za kompyuta. Cambridge SoundWorks ilinunuliwa na kampuni ya Creative Technology ya Singapore mnamo 1997.

Sabufa na spika ndogo ndogo zinazouzwa leo katika maduka ya mijini ni wajukuu wa fikra hiyo, japo si zote zilizorithi uangalifu wake. Nyingi zimeandikwa kwa maandishi makubwa idadi ya wati na hutingisha madirisha, ilhali sauti ya mwimbaji haieleweki.

Mnunuzi anayezifuata kanuni za Kloss hatatishwa na nambari zilizo kwenye katoni. Atakwenda dukani akiwa na wimbo anaoufahamu vizuri, na kuusikiliza kwa sauti ya kiwango anachotumia nyumbani. Atachunguza iwapo maneno yanasikika wazi na iwapo kila noti ya gitaa la besi ina umbo lake, badala ya kuwa mngurumo mmoja usiobadilika. Atakumbuka pia kwamba kasha dogo linaloahidi besi ya chini, sauti kubwa na bei ya kutupa kwa wakati mmoja limeahidi jambo ambalo maumbile hayaruhusu.

Redio ya mwisho

Katika miaka yake ya mwisho, Kloss aliyarejelea mapenzi yake ya zamani, redio ya mezani. Mnamo 2000 DeVesto alianzisha kampuni ya Tivoli Audio, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa Model One, redio iliyobuniwa na Kloss.

Ilikuwa na spika moja, kasha la mbao na vifundo vitatu pekee: cha kuiwasha na kuchagua mawimbi, cha sauti, na kikubwa cha kutafutia stesheni ambacho kilizunguka kwa utaratibu ili msikilizaji asiipite stesheni aitakayo. Bei yake ilikuwa takriban dola 100.

Kiasi hicho kinastahili kutafakariwa. Dola 100 za mwaka 2000 zilikuwa na thamani ndogo mno kuliko dola 100 za mwaka 1969, Advent Loudspeaker ilipoingia sokoni. Kwa hesabu hiyo, kadiri Kloss alivyozeeka ndivyo alivyoendelea kuishusha gharama ya kusikia vizuri.

Alifariki katika mji wa Cambridge, pale pale alipoanzia kukata mbao akiwa mwanafunzi. Mwalimu wake, Villchur, alikuwa ameiuza AR mnamo 1967 na kugeukia utafiti wa vifaa vya kuwasaidia wenye matatizo ya kusikia. Aliishi hadi 2011.

Baadhi ya majina waliyoyaanzisha bado yamebandikwa kwenye vyombo vya sauti, ingawa wamiliki wamebadilika mara kadhaa. Nazo spika za Advent zingali zinatafutwa na mafundi na wapenzi wa vyombo vya zamani. Ukingo wa sponji unaoishikilia koni huoza baada ya miaka mingi na kulazimu kubadilishwa. Ukingo mpya ukishabandikwa na gundi kukauka, spika hizo huimba tena.